Puli nyepesi haitaiponya Kompressor yako

Umeliona hilo tangazo, najua. Liko TikTok, liko Facebook, na kama bado hujaliona kuna rafiki atakutumia kabla ya jioni. Puli ya alumini iliyopakwa rangi nyekundu, inang'aa kama pete ya uchumba. Chini yake maandishi: nyepesi, nguvu zaidi, mafuta kidogo, ifunge mwenyewe. Wewe uko kwa matatu kwenye foleni ya Mombasa Road, gari lako liko nyumbani halina mafuta, lakini kidole tayari kinakaribia kitufe cha kuagiza.

Shikilia hapo kidogo, tuongee.

Kwanza nikuondoe wasiwasi. Mimi si yule mzee wa mtaa ambaye kila gari likipita na kelele anasema vijana wa siku hizi wamepotea. Napenda magari. Napenda ule mluzi wa Kompressor inapovuta kutoka chini, kabla hata gia haijabadilika. Chuo niliacha kabla ya kumaliza, kwa hivyo usinitarajie nikumwagie fomula za profesa. Lakini hesabu ya puli ni ya shule ya msingi, na mtu anayekuuzia puli bila kukufanyia hesabu hiyo anakuuzia rangi tu.

Tuanze na kitu chenyewe. Injini inakula hewa na mafuta. Ukitaka nguvu zaidi, ingiza hewa zaidi, kisha mafuta yaongezwe kulingana na hewa hiyo. Turbo, kama ile ya Subaru za majamaa wengi hapa, huzungushwa na moshi unaotoka kwa injini. Supachaja haingoji moshi. Yenyewe inazungushwa na mkanda unaotoka moja kwa moja kwa krenki, ndiyo maana ukikanyaga tu inaitika. Si teknolojia ya jana. Ndugu wawili wa Marekani, wa ukoo wa Roots, walipata hataza ya mashine ya kupuliza hewa ya muundo huu mwaka wa 1860, hata kabla gari la petroli halijaonekana duniani. Mercedes nao walikuwa wanauza magari yenye Kompressor tangu miaka ya 1920.

Hapa kwetu utaikuta sana kwa C180, C200 na E200 zenye neno Kompressor kwa buti. Iko kwa Mini Cooper S za 2002 hadi 2006, na kwa Range Rover kadhaa za wakubwa. Kuna pia injini ya Volkswagen ya 1.4 TSI ambayo katika baadhi ya magari hubeba supachaja na turbo kwa pamoja.

Sasa, tangazo linachanganya mambo mawili ambayo hayafanani hata kidogo: udogo wa puli na wepesi wa puli. Tuyatenganishe.

Udogo ndio unaoleta nguvu. Tuseme puli ya krenki ina kipenyo cha milimita 130 na ile ya supachaja milimita 65. Gawanya: krenki ikizunguka mara moja, supachaja inazunguka mara mbili. Injini ikifika mizunguko 6,000 kwa dakika, supachaja iko 12,000. Punguza puli ya supachaja kwa asilimia 10, iwe milimita 58.5, na sasa supachaja inafika karibu 13,300. Mwendo umepanda kwa asilimia 11, hewa inayosukumwa inapanda, na gari linavuta. Hapo hakuna uongo. Wenye Mini wamekuwa wakifunga puli ndogo kwa asilimia 15 kwa miaka mingi, na wanaofanya kazi safi huipata hiyo nguvu.

Wepesi je? Chukua puli ya chuma ya gramu 500, uweke ya alumini ya gramu 250, kipenyo kile kile. Umeokoa robo kilo. Lakini kitu kinachozunguka hakihesabiwi kwa uzito pekee, kinahesabiwa pia kwa umbali wa huo uzito kutoka katikati. Puli ya supachaja ni kitu kidogo cha kujaa kiganjani, uzito wake wote uko karibu na katikati. Nimepiga hesabu, nikakumbuka kwamba puli hiyo inazunguka mara mbili ya krenki, nikailinganisha na flaiwili ya kilo 8 yenye upana wa sentimita 24. Ulichookoa hakifiki asilimia 1 ya mzigo wa flaiwili hiyo peke yake. Bado hujaweka krenki, pistoni, gia na magurudumu manne. Na ukweli ni kwamba Kompressor nyingi hapa ni otomatiki, kwa hivyo badala ya flaiwili kuna konvata iliyojaa oili, nzito kuliko hiyo.

Yaani ukitoa yale mazulia ya raba, jeki ya ziada na zile chupa za maji zilizosahaulika kwa buti, umepunguzia gari lako mzigo mkubwa kuliko ulivyopunguza kwa puli. Na bure.

Kuna aina ya tatu, na hii ndiyo inayonitia hofu: puli nyepesi ya krenki. Ukiangalia ile iliyokuja na gari, ni nzito na katikati ina pete ya raba. Watu huona uzito huo wakadhani Wajerumani walisahau kuupunguza. Wapi! Kila pistoni inaposukumwa chini, inaipinda krenki kidogo sana, kisha krenki inarudi. Inatokea mara maelfu kwa dakika. Ule uzito na ile raba viko pale kumeza mtetemo huo. Toa, weka kipande kimoja cha alumini, na mtetemo utatafuta pa kwenda: kwa beringi za krenki, kwa pampu ya oili, kwa cheni ya taimingi. Hutausikia wiki ya kwanza. Ndiyo maana muuzaji anaweza kukuapia kuwa wateja wake wote wamefurahi.

Na kichekesho kiko hapa. Puli hizo nyepesi za krenki nyingi huwa pia ndogo, ili alternata na vitu vingine vizunguke polepole vipunguze kula nguvu. Kwa gari la kawaida hilo lina mantiki yake. Lakini kwa gari la supachaja, ukipunguza puli ya krenki unapunguza mwendo wa supachaja. Umetoa pesa zako kununua upungufu wa nguvu. Kuna watu wanaendesha hivyo hapa Nairobi na wanasema gari limekuwa jepesi. Sawa, lazima uhisi kitu ukishalipa.

Usidhani sasa nimekuja kupinga kila kitu. Kuna hoja moja nzuri sana ya puli ndogo ya supachaja, na wauzaji wenyewe hawaitaji kwa sababu hawaijui. Ni mwinuko wa jiji letu.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni hafifu, msukumo wake ni pungufu kwa takriban asilimia 18 ukilinganisha na Mombasa. Turbo ina ujanja, inaweza kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufidia. Supachaja imefungwa na mkanda, haina ujanja wowote. Inavuta ujazo ule ule wa hewa, lakini ndani ya ujazo huo kuna hewa kidogo. Ile C200 iliyotengenezwa kule Ujerumani ikapewa nguvu zake kwa vitabu, ikifika Ngong Road haina nguvu hizo zote. Kwa hivyo mtu wa Nairobi akiweka puli ndogo kwa asilimia 10, kwa kiasi kikubwa anarudisha kile alichonyang'anywa na mlima. Hiyo si tamaa, hiyo ni hesabu.

Shida ni kwamba gari halikai Nairobi.

Hapa nitakuambia kisa ambacho sijawahi kukiandika, kwa sababu mimi mwenyewe nimo. Binamu yangu alikuwa na C200 Kompressor ya fedha, safi, ya kukodishwa kwa harusi. Jumamosi kwa Jumamosi, riboni kwa boneti, maua kwa kioo cha nyuma. Alilinunua kwa akiba yake na mkopo ambao shangazi, mama yake, alimchukulia kwa chama. Gari hilo lilikuwa linalipa mkopo, linalipa kodi ya nyumba, na linamsaidia dada yake na karo.

Aliyemtumia tangazo la puli nyekundu ni mimi. Nilimwambia itapendeza kwa video. Alitoa pesa za harusi tatu, tukapeleka kwa fundi mmoja, nikasimama na simu nikirekodi. Fundi hakuwa na kifaa cha kuvutia puli. Alitumia nyundo na bisibisi kubwa. Niliona, nikazungusha kamera upande mwingine kwa sababu nyundo haipendezi kwa video. Mkanda ukabaki ule ule wa zamani, kompyuta ya gari haikuguswa. Tukaondoka tukicheka, na kusema kweli gari lilivuta. Thika Road ilikuwa tamu. Video yangu ilitazamwa kuliko zote nilizowahi kuweka.

Wiki ya tatu kukawa na harusi Voi. Bwana harusi na msimamizi wake ndani, saa kumi na moja asubuhi wakaondoka Nairobi. Kadiri walivyoshuka, hewa ikazidi kuwa nzito, na ile supachaja inayozunguka kupita kiasi ikaanza kusukuma shinikizo ambalo Nairobi halikuwepo. Jua nalo likapanda. Hewa ikikandamizwa hupata joto, na supachaja za muundo huu ukizizungusha zaidi huipasha zaidi. Hewa ya moto pamoja na petroli ya kawaida ni mafuta kulipuka kabla ya wakati wake. Fundi huita injini kugonga. Binamu alisikia kama kokoto kwa chupa kila alipokanyaga kupita lori.

Baada ya Mtito Andei mkanda ukaruka. Puli ndogo hushikwa na mkanda kwa sehemu ndogo zaidi, na mkanda mrefu kuliko inavyotakiwa ulikuwa umelegea siku zote hizo. Mkanda huo si wa supachaja peke yake, ndio ulikuwa unazungusha alternata na pampu ya maji. Taa ya betri ikawaka. Angesimama pale pale, pengine hadithi ingekuwa fupi. Lakini alikuwa na bwana harusi nyuma na saa inakwenda, akasukuma kilomita chache afike kituo cha mafuta. Joto likamaliza gasketi ya silinda hedi.

Bwana harusi alifika kanisani kwa Probox iliyobeba kreti za mayai. Siku hizo wanacheka wakisimulia. Binamu hakucheka. Alirudisha pesa za watu, gari likabebwa kwa lori hadi Nairobi, likakaa miezi minne bila kuwashwa. Shangazi ndiye aliyekuwa akikaa kwa kikao cha chama kila mwezi akieleza wenzake kwa nini mkopo haujalipwa. Hakuniuliza kitu hata siku moja. Nilifuta ile video mwenyewe.

Sasa unaelewa kwa nini nakuandikia hivi.

Utaniambia, lakini Wazungu wanafunga na magari yao hayafi. Ni kweli, na ukitazama vizuri utaona wanafunga na nini. Hawabadilishi puli peke yake. Wanabadilisha mkanda na kikaza mkanda, wanaweka plagi zinazofaa, na kompyuta ya gari inapangwa upya ili ijue kuna hewa zaidi. Kwa Kompressor nyingi za Mercedes kuna mlango mdogo ambao kompyuta huufungua kurudisha hewa iliyozidi. Usipoipanga upya, inaweza kuitupa nguvu uliyoinunua. Tena ukiiacha bila kupangwa, mafuta yanaweza kuwa machache kuliko hewa, na hapo pistoni ndiyo inayolipa.

Halafu kuna umri. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu litengenezwe. Mercedes walianza kuacha supachaja kwa injini zao za 1.8 kuelekea 2010, wakaenda turbo. Piga hesabu: karibu kila C180 na C200 Kompressor unayoiona barabarani leo imekaribia au imepita miaka 15. Imeshakunywa oili za kila aina na kufunguliwa na mafundi wa kila aina. Injini hiyo ya 1.8, inayojulikana kama M271, ina ugonjwa unaojulikana: cheni ya taimingi hurefuka na meno ya magurudumu yake yakalika. Ukiongeza shinikizo kwa injini ambayo cheni yake iko mbioni kuruka, unamvisha mgonjwa viatu vya mbio.

Na mwisho jiulize, nguvu hizo utazitumia wapi? Expressway kasi ya juu ni kilomita 80 kwa saa. Barabara kuu, gari dogo halifai kupita 110. Kama unaenda mashindano halali ambapo barabara imefungwa, hapo nakuelewa. Lakini kama ni kumpita jamaa wa Subaru pale Roysambu ili dada fulani aone, ndugu yangu, dada huyo anatazama simu yake.

Basi uamuzi wangu ni huu, na sina aibu nao.

Puli nyepesi kwa sababu ya wepesi: usinunue. Faida yake ni ndogo kiasi kwamba hutaihisi, na alumini laini isiyokaushwa vizuri huliwa na mkanda mpaka mifereji yake iishe.

Puli nyepesi ya krenki isiyo na raba: usiiguse hata ukipewa bure. Kama ile ya gari lako imezeeka na raba imepasuka, nunua nyingine kama ile iliyokuja na gari. Hiyo ni matengenezo, na ni pesa iliyotumika vizuri.

Puli ndogo ya supachaja: inawezekana, lakini kwa utaratibu. Kwanza cheni ya taimingi ikaguliwe. Pili, supachaja yenyewe iangaliwe, ina oili yake ndogo ya gia ambayo watu wengi hawajui kama ipo, na beringi zake zikianza kunguruma usiongeze mwendo hata kidogo. Tatu, radieta, pampu ya maji, plagi na mipira ya hewa viwe sawa. Hapo tayari utashangaa, kwa sababu magari mengi yanayodaiwa kukosa nguvu yana mpira wa hewa uliopasuka tu. Baada ya hayo, kama bado una hamu na pesa, punguza kwa asilimia 10, usizidi. Mkanda wa urefu sahihi, kikaza kipya, kifaa cha kuvutia puli, na mtu wa kupanga kompyuta ambaye atakupangia gari la Mombasa, si la Nairobi. Likistahimili joto la Pwani, huku juu halitakusumbua. Weka mafuta ya daraja lililoandikwa ndani ya mfuniko wa tanki. Na uwaambie watu wa bima, kwa sababu siku ya ajali wakigundua ulificha, usishangae wakikataa kulipa.

Ukipiga hesabu ya orodha hiyo yote utaona puli ndiyo kitu cha bei ya chini kabisa ndani yake. Ndiyo maana inauzwa peke yake. Rahisi huvunja upishi.

Ukikutana tena na tangazo lile, mwandikie muuzaji maswali matatu. Kipenyo chake ni milimita ngapi ukilinganisha na ya zamani? Inatumia mkanda wa urefu gani? Nani atapanga kompyuta? Akikujibu kwa namba, endelea kuongea naye. Akikujibu kwa emoji ya moto, funga simu, weka nauli mfukoni.

Gari la binamu lilirudi barabarani, na puli yake ya zamani ya chuma. Jumamosi iliyopita lilikuwa na harusi Machakos. Ile nyekundu iko hapa mezani kwangu ninapoandika, nimesimamishia kalamu. Ni nyepesi kweli, hilo hawakudanganya.